Baba Mdogo Leonidas na Mashine Iliyoogopa Msiba

Ukimpelekea baba yangu mdogo Leonidas kompyuta iliyokufa, kwanza atakupa muhogo. Mfuko wa shati lake haukosi vipande vya muhogo wa kuchemsha vilivyofungwa kwenye karatasi, naye anaamini kwamba mtu mwenye njaa hawezi kueleza vizuri ugonjwa wa mashine yake. Mkishamaliza kutafuna ndipo atakuuliza imekuwaje. Na hata akikuta imeungua yote ndani, hatasema imeharibika. Atasema imechoka. Nilipokuwa darasa la tano nilidhani anaona haya kuwaambia watu ukweli. Sasa niko kidato cha tatu, nimemuuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kumuuliza mwalimu yeyote, na bado sijajua kama ni haya au ni imani yake.

Chumba chake cha kazi kipo Kasulo, kando ya barabara ya malori yanayokwenda mpakani. Humo anachapa barua, anatoa kopi, anawatafutia wanafunzi matokeo ya mtihani, na anawaunganisha watu na ndugu zao walio nchi za mbali. Hii kazi ya mwisho ina wateja wengi kwetu, na sababu yake ni kambi ya wakimbizi ya Lukole. Mimi kambi sikuiona. Lukole ninayoijua ni vichaka na misingi ya nyumba ambayo mbuzi wanapanda juu yake kuota jua. Lakini wakubwa wanasema palikuwa na mji wa maturubai ambao ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake, na ndani yake mlikuwa na watu waliokimbia vita Burundi.

Bibi yetu Ildefonsa, mama yake Leonidas, alikuwa akiuza ndizi mbivu pale kambini. Leonidas alikuwa kijana mdogo, akajipenyeza kwenye darasa la kompyuta walilofunguliwa vijana wa kambini. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana. Baba mdogo akapata ujuzi wa kompyuta pale. Dada yake Priscila akapata mume. Kambi ilipokuwa inafungwa, wengine walirudi kwao, wengine wakapelekwa mbali zaidi, na Shangazi Priscila akapangwa kwenda Kanada na mumewe. Babu alikuwa ameikataa ndoa ile tangu mwanzo. Siku basi linawachukua, Bibi alikuwa shambani na jembe lake, hakwenda kuaga. Shangazi alimngoja, akichungulia njia, mpaka mlango wa basi ukafungwa. Hayo aliniambia baba yangu, Marcel, ambaye ndiye kaka yao mkubwa. Bibi mwenyewe alikuwa hayasemi.

Sasa nirudi kwenye kompyuta.

Kompyuta za baba mdogo ni za zamani, na hazikuja na uwezo wa kushika mtandao wa hewani. Kila moja ameichomekea kadi ya mtandao, kidude kidogo kama kidole gumba, alichonunua Nyakanazi kwa mfanyabiashara mmoja anayeuza pia chaja na tochi. Kadi hizo zilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Mtu anaongea na nduguye vizuri, mara sauti inakatika, mshale kwenye kioo hausogei, kompyuta yote imeganda. Dawa ilikuwa moja tu, kuzima na kuwasha. Cha ajabu zaidi, waliopiga simu za harusi, za ubatizo, za kuombana pesa, hawakugandiwa. Waliogandiwa ni wenye misiba.

Kazimili, dereva wa bodaboda anayeegesha pale nje na kuingia ndani kila jua likiwa kali, ndiye aliyelitangaza.

"Fundi, mashine yako inaogopa maiti."

"Wewe huogopi?" Leonidas akamuuliza bila kuinua macho.

"Naogopa, lakini sigandi."

Tulicheka. Lakini maneno yalitembea, na baada ya muda wenye misiba wakaanza kupitiliza mlango wetu. Kazimili huyohuyo akagundua kwamba ukiweka redio inayoongea karibu na mashine, haigandi hata kwa mfiwa. Akaleta redio yake kuukuu, akaiweka mezani. "Inataka mwenzake wa kupiga naye soga," akasema. Leonidas naye akawa anawaambia wateja, semeni, msinyamaze sana. Alikuwa anajua kwamba kuna sababu, maana mashine haiogopi kitu, lakini kazi za kopi zilikuwa nyingi na redio ilikuwa inasaidia. Aliiacha hivyo.

Mwaka jana mwezi wa nane, asubuhi, alipata ujumbe kutoka Kanada. Ishimwe, mtoto wa pekee wa Shangazi, alikwenda kuogelea na wenzake ziwani akazama. Ishimwe alikuwa wa umri wangu. Hatukuwahi kuonana, ila aliwahi kunitumia sauti yake akijaribu kutamka jina langu, Adventina, akawa anacheka katikati kwa sababu alikuwa analikosea kwa kusudi.

Baba mdogo alikuja mbio hadi nyumbani kwa Bibi, nami nilikuwa pale kuteka maji. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa kitandani, wala amesimama, wala hajanawa uso. Leonidas akamletea maji. Akamwekea kigoda. Akampa uji, akangoja anywe. Bibi masikio yake ni mazito, kwa hiyo akasogea karibu.

"Mama."

"Yego," Bibi akaitika.

"Umeketi vizuri?"

"Nimeketi. Sema basi. Umenipa maji, umenipa uji, hujawahi kuwa mtoto mwema kiasi hiki."

Akamwambia. Bibi alibaki na kikombe mkononi. Kitu alichouliza ni kimoja tu.

"Alikuwa anajua Kihangaza?"

"Kidogo, Mama."

"Kidogo," Bibi akarudia, akaweka kikombe chini.

Tukaweka msiba nyumbani kwa Bibi ingawa maiti haipo. Watu walikuja. Na kwetu anayekuja kumpa mtu pole haingii na maneno. Anaingia, anakaa kwenye mkeka, ananyamaza. Mfiwa naye ananyamaza. Mnakaa hivyo mpaka huzuni ya mmoja imezoeana na ya mwingine, ndipo pengine mtu atasema kitu, au atanyanyuka aende bila kusema. Anayefika na kuanza kuongea anaonekana ana haraka ya kuondoka. Jambo la pili, nyumba yenye msiba haishiki jembe mpaka matanga yaanuliwe. Mwezi wa nane hilo si tatizo, ardhi ni kavu, hakuna wa kulima.

Siku ilipofika ya kuanua matanga, Bibi akakataa.

"Nimekaa na wafiwa wote wa kijiji hiki," akasema. "Wangu sijakaa naye. Nikishakaa na Priscila, mtashika jembe."

Hakuna aliyebisha. Kanada huendi kwa miguu, wala nauli ya ndege kwetu haipo, kwa hiyo wote tulimtazama Leonidas. Kazimili alitoa simu yake ya kioo kikubwa, akasema Bibi aongee kwa hiyo hapohapo. Nyumba ya Bibi iko bondeni, simu inashika mtandao ukisimama kwenye kichuguu cha juu ya njia, tena kwa kubahatisha. Na Bibi simu ya mkononi haisikii, kwake ni mdudu anayelia ndani ya kopo. "Sitaki mwanangu nimshike mkononi kama kipande cha sabuni," akasema.

Basi baba mdogo akaleta kompyuta moja kwa bodaboda, ameifunga kwa kanga. Akaleta spika kubwa, betri ya sola, na kisanduku cha kupokea mtandao ambacho alikipandisha juu ya mti wa mkaratusi alioukata na kuusimika nyuma ya nyumba. Kadi ya mtandao akaichomeka. Picha isingewezekana, mtandao wa bondeni ni mwembamba. Sauti tu.

Saa za kwetu za mchana ndiyo asubuhi ya kule. Tukaketi wote kwenye mikeka, Bibi mbele ya spika.

"Mama?" sauti ya Shangazi ikatoka, karibu sana, kama yuko chumba cha pili.

"Mwanangu."

Kisha Bibi akanyamaza, na Shangazi akanyamaza, nasi sote tukanyamaza. Nilisikia jinsi anavyopumua. Nilidhani ndiyo tumefika. Halafu Shangazi akaanza kutaka kusema kitu, neno halikumalizika, spika ikatoa mlio mfupi, mshale kwenye kioo ukaganda.

Leonidas alizima, akawasha. Tulipompata tena, ikawa vilevile. Siku nyingine tena, vilevile.

"Mama, jaribu kusema kidogo," Leonidas akamwomba. "Usinyamaze muda mrefu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Habari za ng'ombe."

"Mfiwa nimpe habari za ng'ombe."

Kazimili alileta redio yake. Baba yangu Marcel akamrudishia mlangoni. Redio haifunguliwi kwenye nyumba ya msiba. "Tutachekwa mpaka Biharamulo," akasema.

Jioni hiyo ujumbe wa Shangazi uliingia kwenye simu ya Leonidas. Aliusoma kimyakimya, Bibi akamtaka ausome kwa sauti. Uliandikwa hivi: *Kama Mama hataki kukaa na mimi, aseme tu. Msinikatie.*

Leonidas akajibu kwamba si Mama, ni mashine. Shangazi akaandika: *Siku ile lilikuwa shamba, leo ni mashine.*

Bibi alivuta kanga yake akajifunika mabega, ingawa hapakuwa na baridi.

Mvua ilianza. Majirani walitoka na majembe yao, tukawa tunawasikia upande wa pili wa bonde wakiitana na kutaniana. Mashamba yao yakawa meusi, letu likaota nyasi. Baba yangu alikuwa anazunguka uwanjani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Mama, mbegu zinaliwa na fukusi ndani."

"Shikeni jembe ninyi."

"Wewe je?"

"Mimi sijakaa na mwanangu."

Nani angelima mbele ya macho yake? Baba akarudi kukaa. Kwenye mlo wa usiku tulikuwa tunakula ndizi zilezile, na kila mtu alikuwa anajua hesabu ambayo hakuna aliyeisema: kama mvua zikienda bila sisi kupanda, tutanunua maharage mwaka mzima.

Jibu lilianza kuonekana Kasulo, siku ambayo betri za redio ya Kazimili ziliisha. Mteja mmoja alikuwa anaongea na kaka yake Uganda, kaka akasema ngoja nitafute kalamu, yule mtu akatulia kungoja. Redio ilikuwa imekufa tayari. Kaka aliporudi na kalamu yake, mashine ikaganda. Mtu yule hakuwa na msiba wowote.

Leonidas alitoa muhogo mfukoni, akaushika tu, hakuula. Nilikuwa nimepita pale kutoka shule.

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

"Hakuna. Ila palikuwa kimya."

Alinieleza pole pole, na mimi nitajaribu kulieleza nilivyolielewa. Kompyuta haijui kuongea na kadi ya mtandao moja kwa moja. Katikati kuna programu ndogo, mafundi wanaiita draiva, ambayo ndiyo inayoiamuru kadi: pokea, tuma, lala, amka. Kadi ikikosa kazi inalazwa ili isile umeme bure, na hilo ni jambo jema. Watu wakiwa wanaongea, sauti inapita mfululizo, kadi haipati nafasi ya kusinzia. Redio ikiwa inalia, vilevile. Lakini pande zote mbili zikinyamaza, hakuna cha kutuma, kadi inalala. Mtu akifungua mdomo tena, draiva inaiamsha na papo hapo inaitwisha mzigo. Kadi haijafumbua macho. Mzigo unapotea, na kompyuta nzima inakaa kungoja jibu ambalo halitakuja.

"Kwa hiyo ni kweli inaogopa msiba," nikasema.

"Wenye msiba ndio wanaonyamaza," akasema. "Nimewaambia watu miaka yote hii waseme, waseme." Akatazama redio. "Nilikuwa nawaharibia."

Kompyuta zake zinatumia mfumo usiouzwa, ambao kila mtu anaruhusiwa kusoma ulivyoandikwa na kuurekebisha. Aliifungua ile draiva akaanza kuisoma. Mistari ni mingi kama maharage guniani, na wala haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Kasulo. Dawa yake ya kwanza ilikuwa rahisi: aliizuia kadi isilale kabisa. Akaja bondeni, akampigia Shangazi, akamwomba sana mpaka akapokea. Bibi akaketi. Kimya kikaingia, kikakaa. Leonidas alianza kutabasamu. Kisha nikasikia harufu. Kadi isiyopata usingizi ilikuwa imechemka. Alipoishika aliondoa vidole haraka. Mtandao ukakatika Shangazi akiwa anavuta pumzi.

Baada ya siku hiyo Shangazi hakupokea tena.

Sikuwahi kumwona baba mdogo amekonda vile. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Wateja walipotaka kopi aliwatolea, akarudi kwenye mistari yake. Kazimili aliacha utani, na Kazimili akiacha utani ujue mambo ni mabaya. Alikuwa anaingia, anaketi kwenye benchi, anatoka.

Nilimuuliza baba mdogo kwa nini draiva haiingoji kadi.

"Inangoja," akasema. "Aliyeiandika alikadiria, kadi yake ilikuwa inaamka upesi. Hizi zetu za Nyakanazi zina usingizi mzito. Inangoja muda wake, kisha inatwisha. Haijawahi kuuliza kama mwenzake ameamka." Akanigeukia. "Asubuhi ile ya Ishimwe. Ningemwambia Mama akiwa bado amelala, ingekuwaje?"

Kisha akageukia tena kioo.

Basi akaandika hivyo. Draiva iamshe kadi, iiulize kama imeamka, isitwishe kitu mpaka ijibiwe. Watu wanaoitunza draiva ile wako nchi mbalimbali, na desturi ni kwamba ukiirekebisha unawatumia, wanakagua, ikifaa wanaiweka kwa ajili ya wote. Leonidas akawatumia, pamoja na maelezo ya simu zinazoganda watu wakinyamaza. Mmoja wao alijibu kwa upole, akamwonyesha kosa: je, kadi ikiwa imekufa kabisa, draiva itauliza mpaka lini? Leonidas akaona ni kweli, akaweka kikomo: ikikosa jibu, iache kungoja na iseme imeshindwa, kompyuta isigande nayo. Yule mtu akaridhika. Halafu akauliza swali jingine. Alitaka kujua ni simu ya namna gani hiyo, ambayo watu wawili wanapigiana kisha wote wananyamaza muda mrefu vile.

Baba mdogo alinionyesha swali lile. "Nimjibu nini?"

Alifikiri sana kuliko alivyofikiria draiva. Mwishowe akaandika kwa Kiingereza maneno machache, ambayo kwa lugha yetu yanasema: *Kwetu ipo.*

Kilichobaki ni Shangazi. Dawa ipo, mgonjwa hapokei simu. Leonidas alimwandikia, kimya. Baba yangu naye akamwandikia, kimya. Nje mvua ilikuwa inanyesha kwenye nyasi zetu. Bibi alikuwa ameanza kukohoa, anakaa karibu na jiko mchana kutwa.

"Mwandikieni maneno yangu," akasema siku moja. Leonidas akashika simu.

"Mwambie siku ya basi nilikuwa shambani. Mwambie sikulima hata tuta moja. Nilikaa chini ya mgomba nikawa nasikiliza basi."

Leonidas aliandika neno kwa neno. Mimi nilikuwa sijui pa kutazama. Miaka yote ile baba yangu alikuwa akisimulia kwamba Bibi alikuwa analima.

Jibu lilikuja siku iliyofuata. *Kesho. Asubuhi yangu.*

Kesho yake tuliketi mikekani. Nje mvua ilikuwa imekatika, migomba ikidondosha maji. Shangazi akapokea, akasema "Mama," na Bibi akasema "Mwanangu," kama mara ya kwanza. Kisha kimya. Lakini nilisikia sauti ndogo ya mtu anasoma matangazo ya bei za mazao. Nikainama, nikaiona. Redio ya Kazimili ilikuwa chini ya meza, imefunikwa na kanga. Baba mdogo alikuwa ameiweka. Alikuwa ameitengeneza draiva kwa mikono yake, watu wa nchi za mbali wakaikubali, na bado aliogopa.

Bibi hakuisikia, masikio yake hayafiki huko. Shangazi aliisikia.

"Mama," akasema taratibu, "hapo mlipo mmefungua redio?"

Nilimwona baba yangu akifunga macho. Bibi akageuka. "Anasema nini?"

"Anauliza redio," Leonidas akasema.

"Redio gani?"

Bibi akafuata macho yetu hadi chini ya meza.

"Zima."

"Mama, nikizima na mashine ikakataa, hatapokea tena kamwe."

"Leonidas. Zima."

Alipiga magoti, akanyoosha mkono. Vidole vyake vilizunguka kitufe kama haviijui redio. Kikalia, *tik*.

Kimya kile sitakisahau. Kilikuwa kimya cha nyumba mbili. Upande wetu maji yalidondoka kwenye majani. Upande wa Shangazi mwanzoni ilisikika saa ya ukutani, na mlango uliofunguliwa mbali ndani ya nyumba kisha ukafungwa, halafu hata hivyo vikatoweka. Macho ya baba mdogo yalikuwa kwenye mshale, na mshale ulikuwa umetulia, na huwezi kujua kwa kuutazama kama umetulia au umeganda. Mguu wangu ulikufa ganzi, sikuthubutu kuusogeza. Jirani mmoja aliingia, akaona, akakaa.

Ndipo Shangazi akavuta pumzi, ile pumzi ambayo siku zote ndiyo iliyokuwa inakatwa. Ikapita. Akaanza kulia. Alilia kama mtu aliyekuwa ameshika mlango kwa mgongo miezi yote kisha akauachia, akamwita Ishimwe, akamwita Bibi, akamwita hata Babu aliyekwisha kufa. Bibi hakumwambia nyamaza. Hakumwambia Mungu anajua. Alijisogeza na mkeka wake mpaka magoti yakagusa meza, akaweka kiganja juu ya spika, na nadhani kwa kiganja kile alikuwa anamsikia vizuri kuliko sisi.

Baadaye sana, kilio kikiwa kimeisha nguvu, Shangazi aliuliza.

"Mama, bado upo?"

"Nipo."

Wakanyamaza tena. Kisha Shangazi, ambaye alikuwa Kanada miaka yote hiyo na hajasahau kitu, akasema, "Kesho kashikeni jembe."

Tulilima tumechelewa. Bibi alitoka na jembe lake, akapiga shimo la kwanza, akaketi, tukaendelea sisi. Maharage yaliota vizuri, yakachanua, halafu mvua ikakata na jua la mwezi wa kwanza likayakuta kwenye maua. Tulivuna kilichojaa ungo. Baba yangu aliutikisa ule ungo, akautazama, wala hakumlaumu mtu.

Bibi alitutoka mwezi wa pili. Kikohozi kile hakikuondoka, na mchana mmoja alilala mkekani karibu na jiko, tukadhani amepumzika.

Nilikuwa na baba mdogo pale Kasulo alipompigia dada yake. Kazimili alisimama mlangoni, akachukua redio yake mezani, akaizima, akatoka nayo bila kuambiwa.

"Leonidas," sauti ya Shangazi ikasema. "Mbona mapema?"

"Umeamka, Dada?"

"Nimeamka."

"Umenawa uso?"

Shangazi hakujibu hapo hapo. "Nimenawa."

"Umeketi?"

Tukasikia kiti kinavutwa. Kisha hatukusikia kitu. Baba mdogo alifungua mdomo, akaufunga. Aliitazama ile kompyuta, na mimi nilimtazama yeye, na nina hakika kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaiomba igande.

Haikuganda.